Mwenzenu wa skuli amefariki na alikuwa akisaidia watu kimyakimya? Kabla ya kuchapisha bena, someni hii

Naandika hii nikiwa Lamu, kwa wale wamefiwa na mwenzao wa sekondari na sasa grupu ya WhatsApp imeanza kuchemka, huyu asema tuchange, yule asema tufanye kitu kikubwa, wa tatu yuko Doha atuma emoji za machozi, na hakuna hata mmoja anojua vizuri marehemu mwenyewe alikuwa akifanya nini. Sisi tumeyapitia mara mbili. Mara ya kwanza tuliharibu kabisa, mara ya pili tukajirekebisha kidogo, kwa hivo chukueni yatakayowafaa.

Hiyo ya kwanza niiseme haraka manake bado yaniuma. Tulitengeza bena yenye picha yake, fulana za rangi moja, viti vya kukodi, spika, na tukamualika mheshimiwa mmoja kwa sababu alisema ataongeza mchango. Akaja amechelewa masaa mawili, akashika maiki akaongea mambo yake ya kura, jina la marehemu akalitaja mara moja na hiyo mara moja akalikosea. Mchango mpaka yeo (ndio, yeo, yaani leo, sisi ni Waamu) hatujauona. Mjane alikuwa ndani na watoto na hakuna aliyemuuliza unga uko au hauko. Pesa zilizobaki zilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja, na huyo mtu naye akawa na shida zake.

Basi huyu wa pili. Darasani alikuwa mtu wa kukaa nyuma, na baada ya skuli akakaa nyuma vilevile, karani tu, baiskeli hana, punda hana, mguu wake na bahasha ya kaki kwapani. Siku ya hitma ndo tukashangaa, wazee wametoka Matondoni, wametoka Kipungani, kina mama wametoka Faza, kisiwa cha Pate, na boti ya alfajiri, hatuwajui na wao hawatujui, na kila mmoja analia kama amefiwa na mwanawe. Hapo nikamwambia mwenzangu pale barazani, tunyamaze kwanza, tuulize.

Na hilo ndo la kwanza: nyamazeni. Wiki mbili tatu za mwanzo msiamue chochote zaidi ya kuzika, kusoma na kupeleka chakula. Mjane akiwa eda, miezi minne na siku kumi, wanaume wa darasa msiende kumgongea mlango kuomba picha za marehemu za kuweka kwenye posta. Madada wa darasa letu ndo walioingia ndani, wakakaa nae, wakasikiza. Sisi tukapitia kwa kakake. Kitu cha kumuuliza ni kimoja, mwataka afanyiwe nini na hamtaki nini, na jibu lake ndo mwisho, hata akisema hataki kitu. Wetu alisema picha yake isizungushwe mitandaoni, kuna watu waliruka ruka lakini ikabaki hivo.

La pili ni deni. Hili watu huliruka kwa sababu halina utamu. Deni la maiti lalipwa kabla ya wasia, kabla ya urithi, na kabla ya pilau yenu. Mtu anosaidia watu mara nyingi huwa na deni la dukani lisilo lake, amemchukulia mtu dawa, amemlipia mtu nauli. Muulizeni kakake kwa siri, tafuteni duka, lipeni, mchukue karatasi. Sisi tuligundua hivo hivo, duka la pale Langoni lilikuwa na jina lake kwenye daftari la mkopo na vitu vilivyoandikwa ni vya nyumba nne tafauti. Na mali yake msiiguse hata kwa nia nzuri, ati "tuifanye ofisi yake kuwa kituo". Hiyo ni ya warithi, na wakikosana mahali pa kwenda ni kwa kadhi sio kwa adimini wa grupu. Sadaka mnayotaka kumtolea itoke mifukoni mwenu.

Sasa hapa ndo penye kazi. Tafuteni alichokuwa akifanya, na namna ya kuuliza ina maana sana. Ukimuuliza mtu "marehemu alikuwa mtu mzuri?" atakwambia alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, mazungumzo yamekwisha. Muulize "mara ya mwisho kuonana nae ilikuwa kwa sababu gani?" Hapo stori zinatoka. Msiite kikao. Kaeni baraza, kule Mkunguni baada ya alasiri, agizeni kahawa tungu, muongee na wabeba mizigo wa jeti na manahodha wa boti za Mokowe upande wa bara, manake nahodha anajua nani alikuwa akivuka na nani na saa ngapi. Nahodha mmoja ndo aliyetwambia kuwa huyu bwana kila mwezi alikuwa akivusha wazee wawili watatu na nauli yao analipa yeye, halafu anakaa mbele peke yake kama hawajui.

Polepole ikafumuka. Alikuwa akiandikia watu fomu, basi. Mzee amefika miaka 70, anastahiki kuingizwa Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, apate ile shilingi 2,000 ya kila mwezi, lakini kitambulisho kimefifia, tarehe ya kuzaliwa imekosewa, chifu asema lete hiki, afisi yasema lete kile, mzee anachoka anakaa nyumbani. Huyu anaenda nae. Mtoto hakuandikishwa alipozaliwa, miezi 6 ikapita, sasa ni usajili wa kuchelewa na makaratasi yake ni mengi, huyu anaenda na mama yake. Vijana wa Kibajuni wa visiwani walokuwa wakiitwa vetting kuulizwa babu yako nani babu wa babu yako nani ndo wapewe kitambulisho cha nchi waliyozaliwa, huyu anawatafutia mzee wa kuwashuhudia. Hakuna picha hata moja ya haya yote. Mshahara wa kazi hii hakuna.

Halafu kakake akatutolea daftari. Kaunta buku ya kawaida, majina, vijiji, mahali faili ilipofika, na mbele ya baadhi ya majina ameweka alama ya tiki. Yasiyo na tiki yalikuwa 31. Na ile bahasha ya kaki ilikuwa na kopi za vitambulisho za watu na vyeti viwili vya kuzaliwa, orijino, vya watoto ambao skuli ilikuwa ikiwangoja.

Nawaambia ukweli, hapo mambo ya bena yalikufa yenyewe. Kama mwenzenu alikuwa akitumikia watu, basi ameacha kazi nusu mahali fulani, nyinyi itafuteni hiyo nusu. Alikuwa akisomesha watoto jioni, nani anawasomesha sasa? Alikuwa akivusha wagonjwa usiku na boti yake, boti iko wapi, injini ni nzima? Alikuwa akichota mchanga ulojaa kwenye mtaro mbele ya skuli, nendeni muangalie mtaro. Kumalizia hiyo kazi ndo heshima yenyewe, mengine yote ni nyongeza.

Sisi tulifanya hivi. Kwa ruhusa ya familia tuligawana majina, kila mtu alie Lamu akachukua matatu, walio nje wakachukua nauli na kopi. Vitu orijino vilirudishwa kwa wenyewe mkononi, sio kwa jirani, sio kwa "nitampa". Daftari halikupigwa picha kuwekwa kwenye grupu, hili shikeni sana, mle ndani mna namba za vitambulisho na shida za watu, na Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, lakini hata bila sheria ni aibu, mtu alikuja kwa marehemu kwa sababu marehemu hasemi. Mmoja wetu alitaka kupiga selfi na bibi aliyefanikiwa kupata kitambulisho. Tukamkatalia, akanuna wiki nzima, akarudi.

Ujumbe wa kwanza kwenye grupu tuliuandika hivi, mwaweza kuubadilisha: "Asalam aleikum na hamjambo nyote. Familia ya mwenzetu imeturuhusu kuendeleza kazi yake ya kuandikia wazee fomu. Hatutafuti pesa nyingi, twatafuta muda. Alie na asubuhi moja kwa mwezi aandike jina. Alie mbali asaidie nauli ya boti. Picha tafadhali tusitume." Walojibu hawakuwa wengi kama wale waliotuma emoji, na hiyo ndo kawaida, msivunjike moyo.

Pesa nitaongea kidogo tu. Msiweke kwa simu ya mtu, hata kama ni imamu. Kama mtachanga mara moja tu, watu watatu wasimamie na hesabu itumwe kwenye grupu siku hiyo hiyo na risiti. Kama mtaendelea, jiandikisheni kikundi kwenye afisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya vikundi ya 2022 yataka watu wasiopungua 10, mfungue akaunti ya benki yenye saini zaidi ya moja. Sisi twatoa mia mbili kila mwezi. Anoshindwa hatajwi.

Kuna watakaosema hapana, lazima kiwe kitu cha kuonekana. Sawa. Katika mambo yasiyokatika mtu akishakufa iko sadaka jaria, na wakfu ndo mlango wake mkubwa, lakini jueni kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakirudi, na kama ni ardhi au nyumba muandikishe kwa Tume ya Wakfu kule Mombasa, msiachie maneno ya mdomo ya watu wazima wawili ambao nao watakufa. Sisi tulifikiria kununua mashine ya fotokopi tuiweke madrasa. Fundi mmoja akatuuliza wino atanunua nani mwaka wa pili? Kimya. Tukaamua nauli.

Kibao cha jina ukutani, hapa mjini msijipeleke tu na drili. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ukitoboa vibaya unabomoa kitu cha watu, kwa hivo pitieni afisi ya Makumbusho kwanza. Mafundi wa nakshi wako, ubao mdogo wa jina ndani ya maktaba ya skuli watosha. Nishani ya taifa nayo ipo, raia wa kawaida aweza kupendekeza jina chini ya sheria ya 2013, na watu wa kawaida wapewa. Andaeni ushahidi wa kazi, barua za wazee, za chifu, lakini muulizeni mjane kwanza. Wetu alicheka. Alisema huyo bwana hata cheti cha kumaliza kidato cha nne alikiweka chini ya godoro.

Siku ya kukusanyika, kama mtaifanya, tazameni maji kabla ya kutazama kalenda. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakipwa, kwa hivo ukisema saa nne asubuhi na maji yako chini, watu wa Faza na Kizingitini hawafiki au wanazunguka nje baharini. Miezi ya upepo wa kusi, bahari imechafuka, msiwaite wazee wavuke. Chagueni siku maji yamejaa asubuhi na yajaa tena jioni, wakirudi wasilale njiani. Darasa letu lina watu wa Mpeketoni na Hindi pia, Wakristo, tuliwaita wakakaa nasi kwenye kisomo nje barazani, halafu mmoja wao akaomba aseme dua yake kwa Kikikuyu na hakuna aliyenuna. Chakula kilikuwa wali na samaki. Wazungumzaji watatu, dakika tano tano, hakuna maiki, hakuna mheshimiwa, na hakuna kusema "alimsaidia fulani". Semeni alifanya nini, jina la aliyefanyiwa liacheni.

Kitu cha mwisho ambacho hatukukitarajia ni simu yake. Wazee hawajui kuwa amekufa, au wanajua lakini namba waliyo nayo ni hiyo tu, wapiga. Mwanawe alikuwa akipokea kila siku na kila siku anaeleza upya kuwa babangu amefariki, mtoto wa miaka kumi na tano, mpaka mamake akatwambia hawezi tena. Mwenzenu akiwa mtu wa namna hii, ulizeni habari ya simu wiki ile ile ya kwanza, msingoje. Laini wametuazima, tumeiweka kwenye kasimu ka mulika mwizi na twashika zamu mwezi mwezi. Mwezi huu iko kwangu. Jana usiku imelia saa tatu, bibi wa Matondoni, kitambulisho chake kimeandikwa amezaliwa mwaka mmoja na mwanawe, twakutana jeti kesho saa mbili.