Somo: Taka za mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, kutoka chumbani hadi kwenye guta

Somo hili ni kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa mitaa ya Dodoma wanaofundisha kaya kushughulikia taka za mgonjwa wakati wa janga, kama lile la UVIKO-19 ambalo mgonjwa wake wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Hospitalini kazi hii ina vyombo vya rangi na watu waliofunzwa. Nyumbani kuna ndoo moja, na mara nyingi anayeitoa nje ni mtoto au dada wa kazi.

Hatua ya 1. Kabla ya kutaja kirusi chochote, waombe waliohudhuria wamtaje kila mtu anayeigusa taka hiyo baada yao: dada, kijana wa guta linalokusanya taka, waokota chupa, hadi wafanyakazi wa dampo la Chidaya. Mkutano unaosinzia huamka hapo, kwa kuwa kila mmoja ana mtoto au ndugu katika orodha hiyo.

Hatua ya 2. Barakoa, tishu, glavu na bandeji zilizotumika zitenganishwe palepale mlangoni pa chumba cha mgonjwa, si baadaye uani. Mfuko ukijaa robo tatu ufungwe, utiwe ndani ya mwingine, kisha ukae saa 72 mahali palipofunikwa, mbali na watoto, mbwa na kuku, kwa sababu majaribio ya maabara ya mwaka 2020 yalikuta virusi vya UVIKO-19 vikiwa bado hai juu ya plastiki kwa muda wa hadi saa hizo. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, wala halikugusa ya kuhifadhia taka. Asiyeweza kuinunua atumie ndoo yenye mfuniko unaobana.

Hatua ya 3. Hapa tumia nusu ya muda wako. Watu huogopa barakoa iliyookotwa njiani, lakini sindano ya mgonjwa wa kisukari iliyofichwa ndani ya maganda ya viazi ndiyo inayomchoma kijana wa guta anapokandamiza mzigo. Njoo na dumu gumu la mafuta ya kula, uwaoneshe: sindano hudumbukizwa mara tu baada ya kutumika, bila kurudishiwa kifuniko chake, na dumu likifika robo tatu hufungwa, huzungushiwa utepe wa gundi na kuandikwa "SINDANO, USIFUNGUE", kisha hupelekwa zahanati baada ya kukubaliana na mganga mfawidhi. Chupa ya maji ya kunywa haifai, maana hutoboka. Mwite mtu mbele ajaribu mwenyewe.

Hatua ya 4. Ndoo isafishwe kwa dawa ya klorini. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe 1 cha dawa huchanganywa na vikombe 6 vya maji baridi, na mchanganyiko huo hutengenezwa upya kila siku. Mikono huoshwa kwa sabuni. Palipo na shida ya maji, kibuyu chirizi, yaani dumu lililoning'inizwa linalotoa maji kidogo kidogo, kinatosha.

Hatua ya 5. Vijijini, ambako guta halifiki, lichimbwe shimo lenye uzio, angalau mita 30 kutoka kisimani, na kila taka inapotupwa ifukiwe kwa udongo. Msikubali taka zitupwe korongoni: kiangazi upepo wetu huzirudisha barakoa uani, na mvua za Desemba humalizia kazi hiyo kwa kuzipeleka mabondeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nkuhungu: Mwalimu, kwa nini tusichome kila kitu?
Jibu: Moto wa uani haufikii joto la kuyeyusha sindano, vichupa vya dawa hupasuka, na moshi wa plastiki una sumu.

Mfugaji wa Bahi: Shikamoo mwalimu. Sindano za ng'ombe je?
Jibu: Marahaba. Ziwe na dumu lake, kwa utaratibu uleule, na umuulize afisa mifugo mahali pa kulipeleka.

Mama wa Chang'ombe: Mwanangu akichomwa na sindano ya jalalani nifanye nini?
Jibu: Pole, mama. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usilikamue wala kulinyonya, umpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake.

Balozi wa Kizota: Watu hutumbukiza barakoa chooni usiku, wakiogopa majirani wasijue wana mgonjwa.
Jibu: Balozi, hilo ni gumu kuliko yote niliyoyaandika hapo juu. Usiitie nyumba alama yoyote, na uwaombe wakazi wote wa mtaa, wenye wagonjwa na wasio nao, wafunge mifuko miwili. Guta likipita, mfuko wa nyumba ile utafanana na wa jirani.