Mkopo wa benki kwa duka dogo Mombasa: anza na CRB kabla ya kumwona afisa

Nimemaliza juzi kumshika mkono mama mmoja anayeuza madera na leso karibu na Barabara ya Biashara. Alitaka mtaji wa kuongeza bidhaa kabla ya Ramadhani. Wengine wameniuliza njia ni ipi, basi hii hapa.

1. Makaratasi

Jina la biashara lisajiliwe kupitia eCitizen, leseni ya kaunti iwe ya mwaka huu, na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) iwe hai. Saiba (duka la intaneti) yoyote ya mjini itakumalizia.

2. CRB

Hapa ndipo watu wanapokwama, tena wakiwa wameshajaza fomu za benki.

Kenya ina ofisi tatu za taarifa za mikopo (CRB) zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kuwemo CRB si aibu. Aliyekopa akalipa vizuri yumo pia. Swali ni umeandikwa vipi. Una haki ya ripoti moja bure kila mwaka. Omba ripoti, si cheti cha kuonyesha kuwa uko safi. Cheti kwa kawaida kinalipiwa, na hakikuonyeshi nani kakuandika na kwa kiasi gani.

Chukua ripoti kwa zote tatu. Huyu mama alikuwa safi kwenye moja, na kwenye nyingine ana deni dogo la mkopo wa simu, alioukopa kwa laini aliyokwisha kuitupa. Laini hutupwa, lakini deni limefungwa kwenye namba ya kitambulisho. Na huwezi kujua benki yako itauliza wapi.

Ukikuta deni ni lako, mlipe aliyekukopesha moja kwa moja, kisha usiondoke. Kulipa hakufuti kitu papo hapo: mkopeshaji ndiye anayepaswa kupeleka taarifa mpya CRB, na wengine hulala mpaka wasumbuliwe. Dai barua ya kumaliza deni yenye jina lako kamili, namba ya kitambulisho, namba ya mkopo na tarehe. Picha ya ujumbe wa simu hainiridhishi, na afisa wa mikopo ndiyo haimridhishi kabisa. Baadaye omba ripoti upya uhakikishe.

Kama deni hulijui, usililipe ili liishe tu. Ukilipa umekiri. Andika malalamiko kwa ofisi ya CRB yenyewe na nakala ya kitambulisho, wamuulize mkopeshaji athibitishe.

Jambo jingine ambalo halisemwi: rekodi mbaya hubaki miaka 5 tangu siku ya kulipa, ikisomeka kwamba ulichelewa kisha ukalipa. Haikufungii mlango, ila afisa ataiuliza. Barua iwe mkobani. Na anayekuahidi kukuosha jina kwa siku moja ukimtumia kitu kidogo, huyo ni tapeli.

3. Stetimenti

Pokea mauzo kwa tili (namba ya malipo ya biashara), si kwa namba yako. Mchango wa harusi, rambirambi na karo vikichanganyika na pesa ya madera, afisa hawezi kujua biashara ni ipi. Pesa unayoizungusha kutoka laini yako kwenda tili yako haihesabiwi. Wanaijua janja hiyo. Mauzo ya taslimu yapitishe benki kwanza, ndipo umlipe anayekuletea mzigo. Mimi bado napendelea kauntabuku kuliko programu za simu za kuweka hesabu: simu ikiibwa kivukoni Likoni, kitabu kiko dukani.

4. Mkopo gani

Kwa anayenunua bidhaa, naelekea murabaha, awe Mwislamu au asiwe. Benki inanunua mzigo na kukuuzia kwa faida mliyokubaliana, kwa hiyo bei haipandi katikati, na pesa haipiti mkononi mwako ikageuka kodi ya nyumba. Utahitaji ankara ya bei kutoka kwa muuzaji, na usinunue mzigo mwenyewe kabla, maana benki haiwezi kukuuzia kilicho chako tayari.

Huna hati ya shamba? Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, cherehani, friji hata bidhaa za dukani zaweza kuwekwa dhamana na kusajiliwa. Uliza waziwazi, maana maafisa wengi wataanza na hati ya ardhi.

5. Riba

Uliza kama riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote mpaka mwisho. Chukua 100,000 kwa mwaka mmoja, asilimia 18, ukilipa kila mwezi. Kwa deni lililobaki riba ni kama 10,000. Kwa mkopo wote ni 18,000. Asilimia ni ileile. Kisha uliza ada ya kushughulikia mkopo na bima, na kama vinakatwa kabla pesa haijakufikia. Ukiomba 200,000 hutapokea 200,000, na mzigo wako upigie hesabu kwa kile kitakachoingia.