Somo: Kulisha mtambo wa bayogesi kwa kinyesi cha ng'ombe (someni kwanza)

Wakuu, salaam kutoka Pongwe, Tanga. "Mbona mtambo wangu hautoi gesi?" Wiki hii nimeulizwa mara nne. Naandika mara moja, basi.

1. Zoa kinyesi asubuhi kikiwa kibichi.

2. Changanya na maji, ndoo kwa ndoo. Toa majani na mchanga. Mchanga hutuama chini, unakula nafasi.

3. Mimina kila siku, si Jumamosi tu.

4. Gesi ya mwanzo ina hewa ndani. Iachie nje, mbali na moto.

5. Maji ya kuoshea banda. Hapa ndipo nilipojimaliza. Mfereji wangu ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye shimo la kuchanganyia. Ng'ombe akaugua kiwele, nikamwaga dawa ya kuua vijidudu sakafuni, nikasugua, nikajisifu kwa usafi. Siku chache tu moto ukawa kiduchu, kisha kimya. Gesi hutengenezwa na bakteria. Ukishawaua umebaki na shimo la mavi. Wiki tano tulipikia mkaa, na mama watoto hanisemeshi. Sasa mfereji una njia mbili, na siku ya dawa naziba ya shimoni kwa kipande cha ndala. Kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa antibayotiki nacho kiende kwenye lundo la mboji, USIKIINGIZE.

Swali: Mtambo wangu hautoi gesi, tatizo nini?
Jibu: Namba 5.
Swali: Nimesoma mkuu. Mimi naoshea sabuni ya unga tu na ile dawa nyeupe.
Jibu: Haya.

Swali: Nina kuku 200, mavi yao yanafaa?
Jibu: Yanafaa, ila yana naitrojeni nyingi, amonia ikizidi inawadhuru bakteria walewale. Anza na cha ng'ombe, cha kuku uongeze kidogo kidogo, na maji yazidi.

Swali: Mwanangu, lile tope linalotoka upande wa pili nalitupa wapi?
Jibu: Shikamoo mama. Usilitupe! Ni mbolea. Limwage jioni kwenye migomba au majani ya tembo, ufukie kidogo, maana likikaa juani amonia inaruka nayo nguvu inapungua.
Swali: Marahaba. Na jikoni kunanuka yai viza.
Jibu: Mama, gesi inavuja hiyo! Usiwashe kiberiti. Funga koki, fungua madirisha, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Panapotoa mapovu ndipo penyewe.

Swali: Ndala ya namba ngapi mkuu?
Jibu: Pima mfereji wako.