Kutoka mwaka wa au pair hadi makazi ya kudumu Ujerumani: njia ya ufundi kwa kijana wa Mtwara na Lindi

Kwanza liondoke hili. Ile viza ya kwenda likizo huku unafanya kazi, ambayo Australia na New Zealand huwapa vijana wa nchi zilizokubaliana nazo, haimhusu mwenye pasipoti ya Tanzania, kwa sababu Tanzania haimo katika orodha zao. Mtu akikufuata Masasi au Nachingwea akasema anaweza kukupatia viza hiyo kwa milioni kadhaa, anauza kitu ambacho hakipo.

Mlango unaofanana na huo uko Ujerumani. Unaingia kwa mwaka mmoja wa au pair, yaani kuishi na familia na kuwasaidia kulea watoto, au kwa mwaka wa kazi ya kujitolea. Ndani ya mwaka huo unatafuta mkataba wa mafunzo ya ufundi, ambayo Wajerumani huyaita Ausbildung. Ukihitimu unafanya kazi miaka miwili, kisha unaomba makazi ya kudumu. Jumla ni miaka sita hivi, na yote ni halali. Undugu wa misheni ya Ndanda na Ujerumani ni wa tangu 1906, lakini barua ya padri haikuongezei kitu ubalozini. Wanapima lugha, mkataba na karatasi.

Hesabu kuanzia mwisho

Wengi wanakwama kwa sababu ya tarehe, kuliko fedha au akili. Mafunzo mengi huanza 1 Agosti au 1 Septemba. Uuguzi huanza pia 1 Aprili na 1 Oktoba. Waajiri wazuri huanza kuchagua watu karibu mwaka mzima kabla. Sasa chukua mtu aliyefika Novemba kwa kibali cha mwaka mmoja: mwaka wake unakwisha Novemba, wenzake wameshaanza masomo, na msimu unaofuata uko mbali. Anarudi nyumbani akiwa na Kijerumani kizuri na mikono mitupu.

Kwa hiyo lenga kufika Agosti au Septemba. Ukifika hapo, maombi ya kazi unayatuma kati ya Oktoba na Januari, mtihani wa lugha wa B1 (ngazi ya tatu kati ya sita za lugha, zinazoanzia A1, A2 na kuishia C2) unaufanya kabla ya Aprili, mkataba unausaini kufikia Aprili au Mei, na ombi la kubadili kibali unalipeleka Mei au Juni. Unapobaki na miezi miwili ya akiba, hata ofisi ikichelewa hupotei.

Huku kusini kalenda hii inakubaliana na korosho. Minada huanza Oktoba, fedha za wakulima zinaingia kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS, hadi Desemba na Januari. Kama ni mjomba ndiye atakayetoa, mketi naye mapema, Agosti, kabla fedha haijapangiwa bati na ada za wadogo zako. Januari hadi Machi unasoma Kijerumani cha A1, Aprili unafanya mtihani na kuomba miadi ya ubalozi, Agosti unaondoka.

Karatasi za nyumbani

Anza na majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA na cheti cha NECTA vinatakiwa viseme jina moja kwa herufi zilezile. "Abdallah" kwenye kimoja na "Abdalah" kwenye kingine ni watu wawili mbele ya afisa wa Kijerumani. Mwingine alisajiliwa shule kwa jina la babu, NIDA kwa jina la ukoo. Rekebisha haya kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu pasipoti ikishatoka na kosa, kila karatasi inayofuata hurithi kosa hilo. Pale ambapo cheti hakibadiliki, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Pasipoti unaomba Uhamiaji, Mtwara mjini au Lindi mjini, kwa shilingi 150,000, na hudumu miaka 10. Cheti cha kidato cha nne kitunze kama roho: kwa uuguzi mamlaka ya jimbo utakalosomea ndiyo itakayoamua kama elimu yako inatosha, na huangalia miaka ya shule na masomo uliyofaulu. Cheti cha VETA hakikufanyi fundi anayetambulika kule, ila mwajiri wa umeme au uchomeleaji akikiona anajua hujaja kubahatisha. Kiambatanishe.

Lugha

Kwa au pair, ubalozi unataka A1. Mafunzo ya ufundi kwa kawaida yanataka B1, na shule nyingi za uuguzi zinataka B2. Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha na kutahini lugha hiyo, wenyewe wanakadiria vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45 kufikia A1, na 350 hadi 650 kufikia B1. Hapo unaona kwamba anayetua na A1 hafifu ana mlima mkubwa ndani ya miezi minane. Ushauri wetu ni kuondoka na A2, hata kama hakuna anayeidai.

Si lazima uhamie Dar es Salaam miezi mitatu. Chumba na chakula vya Dar vinaweza kuzidi ada ya kozi. Ubalozi unaangalia cheti cha mtihani, haujali ulisomea wapi, na Goethe-Institut iliyoko Upanga hupokea watahiniwa waliosoma nje ya madarasa yao. Unaweza kusoma kwa intaneti ukiwa Newala au Kilwa, ukaenda Dar kwa mtihani tu. Ila tafuta mtu wa kuzungumza naye kila wiki; anayesoma peke yake hufeli sehemu za kusikiliza na kuzungumza.

Mswahili ana faida moja asiyoijua. Wajerumani wana der, die na das. Wewe umekulia ndani ya ngeli. Hukuwahi kukariri kwamba "mti" ni M-MI, ulilisikia neno likiwa na wenzake. Fanya vivyo hivyo: usiandike kamwe nomino ya Kijerumani kwenye daftari bila der, die au das yake mbele. Mtihani wa B1 una sehemu nne, kila moja inataka asilimia 60, na ukifeli moja unairudia hiyo peke yake.

Ubalozi

Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Dar es Salaam. Viza ya muda mrefu ni euro 75, na hairudishwi ukikataliwa. Kwa au pair lazima uwe hujatimiza miaka 27 siku unapoomba. Kujitolea kwa mpango wa serikali yao unaoitwa Bundesfreiwilligendienst hakuna ukomo wa juu wa umri, ila wenyeji wengi watataka Kijerumani zaidi ya A1.

Dirishani utaulizwa kwa Kijerumani: familia ina watoto wangapi, wanaitwa nani, utafanya nini kila siku. Anayekariri majibu hujulikana swali la pili likigeuzwa.

Kama miadi yako iko Aprili au Mei, usipande basi la siku moja kabla. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini eneo la Somanga na magari yakalala njiani. Fika Dar siku mbili au tatu mapema.

Mwaka wa kwanza

Au pair ana haki zake na ni lazima azijue kabla ya kusaini: chumba chake, chakula, bima, euro 280 za mfukoni kwa mwezi, na euro 70 kwa mwezi kutoka kwa familia kwa ajili ya kozi ya lugha. Kazi isizidi saa 6 kwa siku wala 30 kwa wiki. Kinachoharibika mara nyingi ni saa. Familia ni wema, mtoto anaumwa, unaongeza saa moja leo na mbili kesho, na darasa la jioni linakufa. Darasa likifa, B1 inakufa, na B1 ikifa hakuna mkataba. Sema mapema, kwa upole, siku na saa za darasa, na ziandikwe kwenye mkataba.

Maombi ya mafunzo yanatumwa kwa barua pepe au tovuti ya mwajiri: barua ya ukurasa mmoja, wasifu, vyeti vilivyotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, na cheti cha lugha, vyote katika faili moja la PDF. Nafasi ziko kwenye tovuti ya Bundesagentur für Arbeit, shirika la ajira la serikali, na kwenye tovuti za hospitali zenyewe. Tuma arobaini, hamsini. Kumi ni kidogo. Barua moja kwa wote haifai, taja jina la kampuni na kwa nini fani ile. Ukipewa nafasi ya kujaribu kazi siku chache, ikubali lakini kwanza hakikisha kibali chako kinaruhusu.

Kuhusu fani: uuguzi, ukiwemo wa wazee, ndio unaofunguka kwa urahisi zaidi, kisha hoteli na mapishi, umeme, mabomba na upashaji joto. Usichague uuguzi kwa sababu tu mlango uko wazi. Ni miaka mitatu ya zamu za usiku, saa 2,100 za darasani na 2,500 za wodini, na asiyependa wagonjwa huacha mwaka wa kwanza.

Kuna mtego hapa unaowagharimu wengi. Kozi ya msaidizi wa muuguzi ya mwaka mmoja inavutia kwa ufupi wake, lakini sheria inahesabu mafunzo ya fundi kamili kuanzia miaka miwili kwenda juu. Kozi fupi pekee haikufikishi kwenye njia ya miaka miwili ya makazi ya kudumu. Ichukue tu kama mwajiri ameandika kwamba utaendelea na ile ya miaka mitatu.

Kubadili kibali

Hili hufanyika ukiwa Ujerumani, ofisi ya wageni ya mji unaoishi. Peleka mkataba wa mafunzo, uthibitisho wa shule, cheti cha B1, pasipoti, bima na mahali pa kukaa. Kanuni kubwa: ombi lifike kabla kibali cha sasa hakijaisha. Likifika kwa wakati, hali yako ya kisheria inaendelea hadi waamue, na unapewa karatasi ya kuthibitisha. Likichelewa hata siku moja, unaanza kubembeleza. Na karatasi hiyo si ruhusa ya kuanza mafunzo. Subiri ruhusa iandikwe. Ukihamia mji mwingine, jiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, la sivyo barua za ofisi zitaenda kwa mwenye nyumba wa zamani.

Mafunzo yenyewe

Mafunzo ya kampuni hayana ada, unalipwa wewe. Kima cha chini kwa walioanza 2025 ni euro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza. Hospitali za umma hulipa wanafunzi wa uuguzi zaidi ya euro 1,300. Toa karibu moja ya tano kwa bima na hifadhi ya jamii. Kama malipo hayafiki kiwango cha kujikimu kinachotakiwa, ofisi itataka uonyeshe nyongeza. Unaruhusiwa kibarua cha pembeni hadi saa 20 kwa wiki, ila anayezimaliza zote huanguka shuleni.

Muda wa majaribio ni mwezi 1 hadi 4, kwa uuguzi miezi 6. Katika kipindi hicho mnaweza kuachana kwa urahisi, hivyo usichelewe hata mara moja, na ukiumwa piga simu kabla zamu haijaanza. Mafunzo yakivunjika bila kosa lako, sheria inakupa hadi miezi 6 kutafuta nafasi nyingine. Iarifu ofisi ya wageni mara moja, usijifiche.

Baada ya kuhitimu

Omba kibali cha kazi cha fundi. Kazi iwe ya kiwango cha fundi. Ghala linaweza kulipa vizuri mwezi wa kwanza, lakini miezi ya kupakia maboksi haihesabiki. Aliyehitimu ndani ya Ujerumani anaomba makazi ya kudumu baada ya miaka miwili ya kazi hiyo, akiwa na michango ya pensheni ya miezi 24, Kijerumani cha B1, kipato cha kujitegemea na nyumba inayotosha. Aliyekuja na ufundi wa nje husubiri miaka mitatu. Tunza kila hati ya mshahara tangu siku ya kwanza.

Makazi ya kudumu hayakunyang'anyi pasipoti ya Tanzania. Uraia ni jambo jingine: Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, lakini sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na wa pili. Fikiria shamba la mikorosho na nyumba ya familia kabla ya kusaini. Na ukirudi Lindi kumuuguza mzazi au kusimamia msimu, kumbuka kwamba ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 mfululizo kibali cha kudumu huanguka, isipokuwa umeomba muda mrefu zaidi kwa ofisi ya wageni kabla hujapanda ndege.