Setingi za avata inayoongea: acha kusukuma kila kitu mpaka mwisho

Kama unatengeneza video ya avata ya AI (picha ya mtu ambayo apu inaifanya iongee) kwa ajili ya biashara, iwe unauza dagaa mwaloni Kirumba au una meza ya nguo Makoroboi huku Mwanza, usifungue setingi na kuvuta kila kitu mpaka juu. Kwaliti kubwa inakula krediti (pointi za kutengenezea video kwenye apu) na bando, ila mosheni kubwa, yaani picha kutikisika sana, ndo inaharibu sura kabisa.

Kwanza picha. Iliyopita WhatsApp kawaida imeshabanwa, sasa hata ukieksipoti (ukiitoa video) kwa 1080p, kwaliti ya juu, utapata ukungu uleule kwenye faili kubwa zaidi. Omba orijino itumwe kama dokyumenti, uso uangalie mbele, mkono usiwe karibu na kidevu.

Kwaliti: video ya wima ya kuangalia kwenye simu, 720 kwa 1280 inatosha sana. 1080p ina pikseli (vidoti vya picha) mara mbili na robo ya hizo, ndo maana inachelewa kutoka, na ukiiweka statasi inabanwa tena, sasa si kazi bure? Weka 1080p kama video itachezwa kwenye tv ya dukani. Fremu (picha zinazopita) 25 au 30 kwa sekunde, basi.

Haya, mosheni. Anza chini, kichwa kitikisike kidogo, macho yapepese, mtu anayetaja bei hahitaji zaidi ya hapo. Ukipandisha sana utaona hereni inayeyukia shingoni, maua ya kitenge yanaanza kutembea, maandishi ya bango la nyuma yanageuka vitu havisomeki, na kama nyuma kuna mitumbwi unaweza kuona miwili imeungana ikawa mmoja mrefu wa ajabu. Kama apu ina chaguo la kuchezesha uso peke yake lichague, kama haina tumia picha yenye ukuta mtupu nyuma. Alafu picha ya uso wa karibu iwe na mosheni ndogo kuliko ya kuanzia kifuani, maana uso ukijaa skrini hata kosa dogo linaonekana. Vichekesho sawa, ongeza utakavyo.

Kabla hujachoma krediti, jaribu sekunde 5 kwa 480p, kwaliti ya chini, na usiseme "halo halo", sema kitu kama "mabondo ya sangara yapo, wahi mapema." Simamisha video kwenye "mabo": kwenye m na b midomo lazima ifunge kabisa. Ikibaki wazi, watu wengi wanakimbilia kuongeza mosheni, hapana aisee, angalia sauti kwanza. Upepo wa ziwani na injini ya boti vinaichanganya programu, unakuta avata inatafuna hata pale ulipokaa kimya. Rekodi chumbani, zima feni, simu isigusane na mdomo.

Maelezo marefu yakate vipande vya sekunde 20 au 30, maana klipu ikirefuka sura huanza kubadilika taratibu mpaka mwisho anaonekana kama binamu yake. Kila kipande tumia picha ileile na setingi zilezile, unganisha kwenye apu ya kuediti, na sehemu za kuungia zifunike kwa picha ya mzigo wenyewe.

Sura ya mtu omba ruhusa kwanza. TikTok wanataka video ya AI inayofanana na ukweli iwekewe lebo, swichi yake ipo palepale unapoposti.