Kabla ya kukaa mezani na deki ya Dredge

Kwa wachezaji wengi wa Magic: The Gathering, kaburi ni lile rundo la karata zilizokwisha kazi: zimetumika, zimeuawa au zimetupwa. Mwenye Dredge, deki inayotumia kaburi kama ghala, anaanzia huko. Anataka nusu ya deki yake iwe kaburini kufikia zamu ya pili, halafu viumbe vifufuke bila kulipiwa mana (nishati ya kulipia karata, itokayo hasa kwenye karata za ardhi), na mpinzani abaki mikono mitupu mbele ya kundi la mazombi. Mchezo wa kwanza wa mechi hushinda kwa urahisi unaoudhi watu. Lakini mechi ni ya michezo mitatu, anayeshinda miwili ndiye anayeondoka na pointi, na kuanzia mchezo wa pili kila mtu ana dawa ya kaburi kwenye karata zake za akiba, zile anazoruhusiwa kuingiza kati ya michezo. Kwa hiyo maandalizi mengi ninayoyaeleza hapa yanahusu mchezo wa pili na wa tatu. Ninazungumzia Dredge ya Legacy, mfumo unaoruhusu karata za tangu 1993 isipokuwa zile zilizopigwa marufuku.

Kwanza ielewe injini mpaka uweze kumweleza mtu asiyejua. Mwaka 2005, toleo la Ravnica: City of Guilds lilileta karata zenye uwezo wa kuchimbua, yaani dredge kwa Kiingereza. Kila moja ina namba. Ikiwa iko kaburini na wewe unatakiwa kuvuta karata, unaruhusiwa kuacha kuvuta. Badala yake unamwaga karata za juu za deki yako kaburini kwa idadi ya namba hiyo, kisha unairudisha mkononi ile iliyochimbua. Golgari Grave-Troll humwaga 6, Stinkweed Imp 5, Golgari Thug 4. Jambo hili si uchawi unaotangazwa mezani. Linachukua nafasi ya kuvuta, basi, na mwenye Force of Will, karata ya kuzuia uchawi wa mpinzani, hawezi kulizuia. Mipaka yake ni miwili: ni hiari kila mara, na huwezi kuchimbua kama deki imebakiwa na karata pungufu ya namba inayotakiwa. Anayesahau huo wa pili hujikuta anavuta kutoka kwenye deki tupu, na hapo ameshashindwa.

Kinachofuata ni kujua kila karata inafanya nini ikiangukia kaburini. Narcomoeba ikitoka kwenye deki kwenda kaburini huruka moja kwa moja hadi mezani. Bridge from Below hukaa kaburini kimya, na kila kiumbe chako halisi kinapokufa inakupa zombi wa 2/2, yaani nguvu mbili na uhai mbili. Zote mbili zilitoka mwaka 2007, na ndizo zilizoifanya deki hii kuwa tishio. Cabal Therapy, ambayo unataja jina la karata na mpinzani anaitupa kutoka mkononi, inarudiwa kutoka kaburini kwa kutoa kafara kiumbe kimoja; Dread Return, inayofufua kiumbe kutoka kaburini, kwa kutoa vitatu. Sasa ziunganishe. Narcomoeba moja inatolewa kafara, mpinzani ananyang'anywa Force of Will yake, na kama kuna Bridge mbili kaburini unapata mazombi wawili kwa tendo hilohilo. Zingatia neno "halisi": zombi aliyezaliwa na Bridge akitolewa kafara hazai mwingine. Na kiumbe cha mpinzani kikifa, Bridge zako zote zilizo kaburini zinaondolewa mchezoni. Wapinzani wajanja hukiua kiumbe chao wenyewe kwa makusudi, kwa hiyo kabla ya kushambulia tazama nani atakayekufa upande wa pili.

Ichorid, kiumbe kingine kinachofufuka, ina sharti lake. Hurudi mezani mwanzo wa zamu yako ukiondoa mchezoni kiumbe kingine cheusi kilichomo kaburini. Stinkweed Imp na Golgari Thug ni vyeusi. Golgari Grave-Troll ni ya kijani, haifai kuilisha. Mtu anayejaza deki viumbe vya rangi nyingine kwa sababu vinapendeza huishia na Ichorid tatu zenye njaa.

Kwenye hesabu za kujenga deki sina huruma. Ukiwa na karata 12 za kuchimbua ndani ya 60, uwezekano wa kuanza na angalau moja kwenye karata saba za mwanzo ni karibu asilimia 81. Punguza ziwe nane ili upate nafasi ya mapambo na utakuwa unaanza michezo mingi bila injini. Kishawishi kikubwa kiko kwa viumbe vya kufufuliwa na Dread Return. Kila anayeanza anataka vitano: wa kumaliza mchezo kwa mpigo, wa kuvunja vizuizi, wa kufunga uchawi wa mpinzani. Mimi ningeweka kimoja, viwili kwa shingo upande, kwa sababu kiumbe cha mana saba mkononi mwa deki yenye ardhi 13 ni karata iliyokufa. Mara nyingi Dread Return kumrudisha Golgari Grave-Troll aliye mkubwa kwa idadi ya viumbe vilivyomo kaburini inatosha kabisa.

Halafu kuna pesa. Lion's Eye Diamond ni karata ya mwaka 1996, nayo imo kwenye orodha ya zile ambazo Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliahidi hazitachapishwa tena, hivyo nne zake zinaweza kugharimu kuliko deki nzima iliyobaki. Inafanya nini cha kustahili bei hiyo? Chukua zamu ya kwanza: ardhi moja, Lion's Eye Diamond, na Faithless Looting, ambayo huvuta karata mbili kisha hutupa mbili. Tangaza Looting, na kabla haijafanya kazi itoe kafara Diamond. Mkono wako wote unaanguka kaburini, pamoja na Golgari Grave-Troll na Stinkweed Imp, nawe unabaki na mana tatu nyekundu. Looting ikifika unachimbua mara mbili, karata 11 zinamwagika. Troll na Imp zinatupwa tena, na zile mana tatu zinatosha kabisa kuirudia Looting kutoka kaburini. Zinamwagika 11 nyingine. Jumla ni 22, na mpinzani hajagusa karata hata moja. Tamka wazi kwamba bado unataka kufanya kitu kabla Looting haijafanya kazi, maana ukinyamaza itachukuliwa kwamba umeshairuhusu iendelee.

Bila Diamond deki haifi. Careful Study, Putrid Imp na Breakthrough, ambazo pia hutupa karata kaburini, zinafanya kazi kwa zamu moja ya ziada, na kuna watu wanaoipenda zaidi namna hiyo kwa sababu haiweki mayai yote kwenye kapu moja. Kwa mazoezi ya nyumbani, chapisha picha za karata kwenye karatasi, uzitie ndani ya mifuko mbele ya karata yoyote ya bei poa. Katika mashindano rasmi hilo haliruhusiwi, ila huna sababu ya kununua kabla hujajua kama deki inakupenda. Zoea pia kusoma maneno ya karata kwenye Gatherer, hazina rasmi ya mchezo huu, kwa sababu maandishi kwenye machapisho ya zamani hayalingani tena na sheria za sasa.

Mkono wa kuanzia una sharti rahisi: ardhi, karata ya kuchimbua, na njia ya kuifikisha kaburini. Njia hiyo si lazima iwe uchawi. Ukiwa wa pili kucheza, unavuta karata ya nane, na mwisho wa zamu sheria inakulazimisha kutupa mpaka zibaki saba. Tupa Grave-Troll na injini imewaka bila kulipa chochote. Kuna aina ya Dredge isiyo na ardhi hata moja inayotegemea hilo, na wenye nayo huomba kucheza wa pili kila mara. Usiogope kurudisha mkono mbaya. Tangu 2019 anayerudisha huvuta saba upya kisha huweka chini ya deki karata kwa idadi ya mara alizorudisha, na deki hii inaishi vizuri na karata tano kuliko karibu deki yoyote, kwa kuwa utajiri wake hauko mkononi.

Sasa dawa. Hapa ndipo muda wa maandalizi uende.

Gawanya karata za kupinga kaburi katika makundi mawili kichwani: zinazobaki mezani na zinazopiga mara moja. Leyline of the Void na Rest in Peace hubaki, na chochote kinachoelekea kaburini kinatoweka. Leyline inaweza kuanza mezani bure ikiwa kwenye mkono wa kwanza, na mwenye nne anayo kwenye saba za mwanzo kwa karibu asilimia 40, zaidi kama yuko tayari kurudisha mikono kuitafuta. Hakuna ujanja wa kuzunguka, lazima uivunje. Nature's Claim inafanya hivyo kwa mana moja. Force of Vigor huvunja mbili na, ikiwa si zamu yako, inalipwa kwa kuondoa karata ya kijani kutoka mkononi, na Golgari Grave-Troll ni ya kijani. Nne za kwanza kwenye akiba yangu zingekuwa hizo.

Grafdigger's Cage nayo hubaki, ila watu huiogopa kupita kiasi. Inazuia viumbe kutoka kaburini na kwenye deki kuingia mezani, na inazuia uchawi kutangazwa kutoka huko. Kuchimbua haizuii. Endelea kumwaga karata kwa utulivu mpaka kaburi liwe na unachohitaji, kisha uanze kuvuta kawaida utafute ya kuivunjia.

Kundi la pili ni Tormod's Crypt, Relic of Progenitus, Surgical Extraction, Endurance. Kosa la kawaida dhidi ya hizi ni kumwaga deki yote zamu ya kwanza kama vile bado ni mchezo wa kwanza. Mpinzani anasubiri, unafurahi, anafuta kila kitu, nawe huna kitu mkononi. Dhidi ya hizi cheza polepole: bakiza karata moja ya kuchimbua mkononi, weka kaburini tishio la kutosha tu kumlazimisha atumie dawa, halafu uanze upya. Surgical huondoa karata zote za jina moja, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na aina tatu za kuchimbua badala ya mbili.

Cabal Therapy ya kwanza ni ya kubahatisha, hivyo uwe umejifunza deki zinazochezwa ukumbini kwenu. Ya pili si bahati tena, umeshauona mkono wake. Wakati wa kubadilisha karata, usiingize dawa nane. Kila moja inayoingia inatoa kipande cha injini. Mimi naanza kwa kutoa Dread Return na kiumbe chake, kisha Bridge moja au mbili, na sigusi kamwe zile 12 za kuchimbua.

Kuna mambo ya mezani ambayo hayana utukufu lakini hupoteza michezo. Katika Legacy mpangilio wa kaburi haubadilishwi, kwa sababu baadhi ya karata za zamani hujali mpangilio huo. Tandaza karata zako zionekane zote bila kuzichanganya. Mwanzo wa zamu, Ichorid kwanza, ndipo kuvuta. Ukishavuta huwezi kurudi nyuma. Weka dadu juu ya deki ili mkono usiifikie kwa mazoea: karata ikishagusa mkono wako umevuta, hukuchimbua. Kumbuka Narcomoeba mwenyewe, mpinzani hana wajibu wa kukukumbusha. Beba alama za mazombi zisizopungua kumi, maana kutumia sarafu na vifuniko vya chupa huleta ugomvi kuhusu nani ameshashambulia. Mifuko ya karata iwe mipya na isiyopenyesha mwanga, kwa kuwa deki hii huchangwa mara nyingi na kona huchakaa haraka. Mwamuzi akiona mifuko ya Narcomoeba imekunjika tofauti na mingine, unaweza kuadhibiwa kabla hata ya kueleza.