Jinsi ya kuwasimulia watoto wa madrasa maisha ya Mus'ab bin Umair

Mwalimu mwenzangu, usianze na nasaba. Ukifungua kwa "alizaliwa Makka katika ukoo wa Abdud-Dar", wavulana wa nyuma watakuwa wanasukumana kabla hujamaliza sentensi. Sisi wa Pumwani, Nairobi, tunafundisha watoto waliokulia jirani na Gikomba, soko kubwa la mitumba. Wanajua kutofautisha kamera, mitumba ya daraja la kwanza, na fagia, masalio ya bei ya chini. Basi anza na nguo.

Waambie palikuwa na kijana Makka aliyevaa kuwashinda wenzake wote, manukato yake yanatangulia kabla yeye hajafika, miguuni makubadhi ya Hadhramaut. Mamake, Khunas bint Malik, alikuwa na mali na hakumnyima kitu. Mus'ab akasikia habari za Mtume (S.A.W.), akaenda nyumbani kwa Arqam, Waislamu walikokuwa wakikutana, akasilimu kwa siri. Siku alipoonekana akiswali, siri ikatoka, akafungiwa ndani. Nyamaza hapo kidogo, uwaulize wao wangefanyaje. Wengi watamkasirikia mama. Mimi huwaambia wasimfanye zimwi. Alimpenda mwanawe kwa namna aliyoijua.

Hijra ya Habasha, alipohamia huko na Waislamu wenzake, ipite haraka, uwaonyeshe tu kwenye ramani kwamba ni huku kwa jirani zetu, Ethiopia na Eritrea za leo.

Muda wako uweke Yathrib, yaani Madina. Mwaka 621 Mtume alimtuma huko awafundishe watu Qurani, akafikia kwa As'ad bin Zurara. Sasa mpe mtoto mmoja mpini wa fagio: huyo ndiye Usaid bin Hudhair, mmoja wa wakuu wa huko, anakuja na mkuki kuwafukuza Mus'ab na mwenyeji wake. Mwingine akae mkekani awe Mus'ab. Usaid afoke kwelikweli. Mus'ab asiinuke wala asipandishe sauti, amwambie tu akae asikilize. Neno likimpendeza, na alikubali; lisipompendeza, wataliacha. Usaid aliuchomeka mkuki chini, akaketi, akasilimu. Kisha akafanya hila Saad bin Muadh, mkuu mwenzake, naye aje. Rudieni kwa zamu. Yule mtoto asiyefungua kinywa darasani mpe nafasi ya Mus'ab. Ya Usaid wataigombania wenyewe.

Kwenye vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mus'ab ndiye aliyeshika bendera, akafa shahidi. Khabbab bin Arat amesimulia kwamba sanda haikumtosha: wakifunika kichwa, miguu inabaki nje, wakifunika miguu, kichwa kinabaki nje. Usimlaze mtoto chini kuonyesha hili, atakosa usingizi na wazazi watakuja mlangoni kwako. Chukua benchi na leso iliyokunjwa, wajaribu wenyewe kulifunika. Mtume aliamuru kichwa kifunikwe na miguu iwekewe nyasi za idhkhiri. Hizo ni jamaa ya mchaichai, nazo hunukia. Nunua kifungu cha mchaichai sokoni, kila mtoto afikiche jani anuse.

Saa moja inatosha. Majani yatakayobaki pikieni chai, ila sukari waombe wazazi mapema.